Tangi la Maziwa la Minjila

Ubeid Chande alikuwa na miaka arobaini na saba, na kwa muda mrefu alikuwa fundi wa pekee Garsen aliyeweza kuchomelea stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ikatoka safi. Mafundi wengine wa kuchomelea hawakukosekana. Ukitaka geti, grili ya dirisha au mkokoteni wa punda, ungewakuta kando ya barabara ya kwenda Malindi tangu saa moja asubuhi, wakirusha cheche. Ubeid alikuwa na mashine ya TIG, aliyorudi nayo kutoka Changamwe, alikofanya kazi ya kutengeneza masinki na matangi kwa miaka minane.

Mashine hiyo hairushi cheche. Mkono wa kulia hushika kichwa chenye sindano nyembamba ya tungsten, ambayo hutoa moto bila yenyewe kuyeyuka. Mkono wa kushoto hulisha waya kidogo kidogo. Gesi ya argoni hutoka kuizunguka sindano ili hewa isikifikie chuma kilichoyeyuka. Ncha ya sindano hukaa juu ya chuma kwa nafasi ya punje ya mchele, si zaidi, na ikigusa, kazi imeharibika.

Kwao ni Mnazini, ambako wazazi wake walilima ndizi na mahindi kando ya mto. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kubishana na wateja, na mwenye kiburi kimoja tu, ambacho hakukisema: mishono yake ilikuwa imepangika kama magamba ya samaki, na watu wa mbali waliijua.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei, pikapu ilisimama mbele ya banda lake ikiwa imebeba tangi la stenlesi la lita mia tatu. Lilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wa Minjila waliokusanya maziwa ya ng'ombe na kuyauza. Mwenyekiti wao, Gumato Duba, alishuka kwanza, akasimamia wanaume wanne walioliteremsha.

"Linavuja hapa chini," alisema, akionyesha pale bomba la kutolea maziwa lilipoungana na tangi. "Jana lilipoteza lita ishirini. Fundi, mvua imekuwa nzuri, ng'ombe wote wako karibu. Maziwa ni mengi kuliko mwaka jana, na sisi tunaweka kwenye mitungi ya plastiki. Ikifika saa sita yameganda."

"Gari la kuyachukua linakuja lini?"

"Ijumaa, saa mbili asubuhi. Wamesema wakikosa maziwa mazuri Ijumaa, watatafuta kikundi kingine."

Ubeid alipiga magoti, akaupitisha ukucha kwenye ule ufa. Ulikuwa mfupi kuliko kidole gumba. "Kazi ya saa mbili," alisema. "Kesho saa sita mje mchukue."

Alasiri hiyo alisafisha pale kwa brashi ya waya na spiriti, akanoa sindano mpaka ncha ikawa kama ya penseli, akavaa kofia yake ya kuchomelea na kuanza. Mara mshono ukachemka na kutema, kama uji uliozidiwa na moto. Alipoinua kofia aliona donge jeusi lenye vitundu. Vitundu kwenye tangi la maziwa ni maskani ya uchafu, na uchafu huo hautoki hata ukisugua vipi.

Hakushtuka sana. Vitundu vina sababu zake, na alizijua kwa mpangilio. Aliangalia mtungi wa gesi: geji ilionyesha nusu. Aliweka kichwa cha mashine karibu na shavu lake, akasikia gesi ikipuliza kwa udhaifu. Upepo ulikuwa ukitoka uwandani, basi akafunga turubai upande wa mashariki. Alijaribu tena, vitundu vikarudi. Ndipo akachanganya sabuni na maji, akaupaka mpira wa gesi kutoka mtungini hadi kwenye mashine, na karibu na klipu ya mwisho povu likaanza kufura. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na hewa ilikuwa ikiingia humo kuchanganyika na gesi.

Alikata kile kipande kibovu cha mpira, akafunga upya, kisha akalisaga lile donge mpaka ufa ukaonekana tena. Alichukua kipande cha stenlesi kilichobaki cha kazi nyingine, akakiweka juu ya meza pale mlangoni palipopigwa na jua, akachomelea mstari wa urefu wa kiganja. Ulitoka na rangi ya asali, kama unavyotakiwa. Akashusha pumzi, akafunga banda kwa siku hiyo akiwa na hakika kwamba tatizo limekwisha.

Jumanne asubuhi alipiga magoti mbele ya tangi na kuwasha moto, na kabla hajahesabu hadi tano, sindano ikazama kwenye chuma. Alisikia ule mlio mdogo wa kugusa. Alizima, akavunja ncha iliyochafuka, akanoa upya. Akaanza tena, sindano ikazama tena. Mara ya tatu haikugusa, lakini alipoinua kofia aliona mshono wake mzuri umelala kando ya ufa, upana wa njiti ya kiberiti kutoka pale ulipopaswa kuwa. Ufa wenyewe ulikuwa bado wazi.

Alikaa kitako chini, akautazama mshono ule kwa muda mrefu. Gesi ilikuwa sawa. Waya wa ardhi ulikuwa umebana vizuri. Umeme haukuwa umepungua. Alibadilisha kioo cha kofia, akaweka kisicho cheusi sana, kisha akakifuta kile cha nje kilichokwaruzika. Hapakuwa na tofauti. Kila alipoinama karibu ili auone ufa, ufa uliyeyuka ukawa ukungu wa kijivu. Kila aliporudi nyuma, ukawa mbali mno kwa mikono yake.

Alijua anachokiona, au tuseme asichokiona, na hakutaka kukipa jina.

Huko Changamwe aliyemfundisha kazi alikuwa Mzee Sadik, fundi aliyekuwa akiwasha moto bila kofia pale alipotaka kushikiza vipande viwili tu, kwa sekunde moja au mbili, na kuwaambia vijana kwamba jicho huzoea. Ubeid naye aliiga. Siku nyingi za ujana wake alirudi chumbani macho yakimwasha kana kwamba yamejaa mchanga, akalala na kitambaa chenye maji baridi usoni. Mzee Sadik alipofika miaka sitini alikuwa akishikwa mkono kupelekwa msikitini. Mara ya mwisho Ubeid kumtembelea, mzee alimpapasa uso ili amjue ni nani.

Alirudi kwenye tangi kwa hasira. Aliongeza moto, akasema moyoni kwamba ataupitia ufa wote kwa mkono wa mazoea, aone asione. Ukuta wa tangi ulikuwa mwembamba. Moto ulikaa mahali pamoja kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa, chuma kikalegea, kikashuka. Alipoinua kofia, pale palipokuwa na ufa wa kidole gumba palikuwa na tundu la kuingiza sarafu ya shilingi kumi.

Gumato alifika saa sita kama walivyokubaliana. Aliliona lile tundu kabla hajaamkua.

"Fundi, hii imekuwa kubwa."

"Gesi," alisema Ubeid. Neno lilimtoka lenyewe. "Gesi niliyoletewa ni chafu. Inaharibu kila kitu."

Gumato alimtazama. "Basi tulete nyingine. Basi la mchana likienda Malindi mtungi unaenda, kesho asubuhi mwingine unakuja. Kikundi kitalipa."

"Sawa," alisema Ubeid.

Aliufungua mtungi kutoka kwenye mashine, akauviringisha mpaka kituo cha basi mwenyewe. Ulikuwa na nusu ya gesi safi ndani yake, na yeye alijua. Kondakta alipomuuliza una shida gani, alisema hajui.

Jioni, baada ya magharibi, alikula kidogo. Mkewe Arafa, aliyekuwa akiuza nguo za watoto sokoni, alimpa simu yake. "Baba Najla, kuna ujumbe wa shule. Nisomee, mikono yangu ina unga."

Ubeid aliishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza tena mpaka mkono ukanyooka wote. Akasema, "Mwangaza wa simu hii ni mbovu. Najla atasoma akirudi."

Arafa aliendelea kukanda unga. "Simu haina kitu. Tangu mfungo wa Ramadhani husomi. Maandishi ya dawa ya mdogo wake ulimpa Najla asome. Msahafu umeuweka juu ya kabati, hukuushusha tena. Nimenyamaza kwa sababu nilifikiri utaniambia mwenyewe."

"Nikwambie nini?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenye macho."

Alitaka kukasirika, hakuweza. Alimweleza habari ya tangi, ya tundu, na ya mtungi uliokwenda Malindi bila sababu. Alimweleza habari ya Mzee Sadik pia, ambayo hakuwahi kumweleza yote. Arafa alisikiliza, mikono ikiwa imetulia ndani ya sufuria.

"Kesho ni Jumatano," alisema mwishowe. "Yule daktari wa macho yuko kwenye kituo cha afya kila Jumatano."

"Na akiniambia nimeshakuwa kama mzee?"

"Utakuwa umeambiwa. Sasa unajiambia mwenyewe, na huna kipimo."

Jumatano mtungi mpya ulishuka saa tatu. Ubeid aliufunga, na kwa nusu saa aliendelea kujidanganya kwamba huenda kweli gesi ya kwanza ilikuwa chafu. Alijaribu kwenye kipande cha bati la stenlesi, ndani ya banda safari hii, kivulini. Sindano ikazama. Aliinoa, ikazama tena. Asubuhi ile peke yake aliinoa mara saba, mpaka ikabaki fupi kama kidole cha mtoto, na kila mara aliponoa alitazama barabarani asije Gumato akamkuta.

Kisha akafunga banda, akaenda kwa miguu hadi kituo cha afya. Foleni ilikuwa ndefu. Alikaa kwenye benchi kati ya bibi mmoja na mwanamume aliyefunikwa jicho kwa pamba. Mara mbili alisimama ili aondoke. Mara ya pili bibi yule alimwambia, "Kaa, mwanangu, zamu yako imekaribia," na hakupata njia ya kumkatalia.

Daktari wa macho aliitwa Hamisi, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimsomesha herufi za ukutani, na Ubeid alishangaa kwamba za mbali alizisoma karibu zote. Alipompa kadi ya kushika mkononi, herufi zikawa ukungu. Hamisi alizima taa, akammulika ndani ya macho kwa kitaa kidogo. Jicho la kulia alilimulika kwa muda mfupi. La kushoto alikaa nalo sana, akarudi tena, akakaa.

"Unafanya kazi gani?"

"Kuchomelea vyuma."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

Hamisi aliwasha taa. "Nina mambo mawili. La kwanza ni la umri. Ukifika arobaini na kitu, jicho linachoka kutazama karibu, hasa mahali penye mwanga hafifu. Ni la kila mtu, mwalimu, mshonaji, hata mimi. Nitakupa miwani ya kusomea, na utaona."

"Na la pili?"

"Jicho la kushoto lina ukungu mdogo kwenye lenzi. Mtoto wa jicho ndiyo kwanza anaanza. Anaweza kukaa hivyo miaka, anaweza kukua. Akikua tunafanya upasuaji, si jambo la ajabu siku hizi. Lakini sitakudanganya kwamba moto hauna mkono ndani yake. Kuanzia leo usiwashe hata sekunde moja bila kofia. Na urudi baada ya miezi sita."

"Sitapofuka?"

"Leo hujapofuka," alisema Hamisi. "Miezi sita tutatazama tena."

Halikuwa jibu alilolitaka. Alitoka na miwani yenye fremu ya plastiki ya kahawia, akaivaa hapo hapo nje ya mlango, akatazama kiganja chake. Mistari yote ilikuwapo. Alikuwa na kovu kwenye kidole cha shahada ambalo alikuwa amelisahau.

Alhamisi alifika bandani baada ya sala ya alfajiri. Miwani chini ya kofia ilileta shida mpya: pumzi yake iliifunika kwa mvuke, na kwa joto la Garsen jasho lilidondokea ndani ya vioo. Alifunga leso kwenye paji la uso, akaipaka miwani sabuni kavu na kuifuta, mvuke ukapungua. Alivuta waya wa taa, akaitundika taa yenye mwanga mkali karibu na tangi, jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulihitaji.

Alichomelea vipande vitano vya majaribio kabla ya kuligusa tangi. Cha kwanza mshono ulipinda. Cha pili sindano iligusa mara moja. Cha tatu hadi cha tano vilitoka safi, na alipovigeuza akakumbuka jambo ambalo kwa hofu ya siku mbili alilisahau kabisa: upande wa nyuma ulikuwa umeungua na kufanya chembechembe, kama sukari iliyogandia chini ya sufuria. Kwenye geti haina neno. Ndani ya tangi la maziwa ni hatari sawa na vitundu.

Akaelewa kwamba, kama Jumanne angeufunika ule ufa, tangi lingeondoka likiwa na sukari hiyo kwa ndani, na hakuna ambaye angejua mpaka maziwa yaanze kuharibika.

Alikata kibandiko cha mviringo, akakisugua kingo mpaka kikakaa kwenye tundu bila kuacha nafasi. Kwa ndani alibandika karatasi ya foili, akapitisha mpira wa pili wa gesi nyuma yake ili argoni ijae pande zote mbili. Kisha akapiga magoti, akateremsha kofia.

Safari hii aliona. Aliona ukingo wa kibandiko, dimbwi dogo la chuma likitembea mbele ya sindano, na ile nafasi ya punje ya mchele. Aliona pia jinsi mkono wake ulivyokuwa umezoea kukisia. Alikwenda robo ya duara, akasimama chuma kipoe, akaenda robo nyingine upande wa pili, ili ukuta usijikunje. Kazi iliyokuwa ya saa mbili ilichukua mpaka alasiri. Alipoondoa foili na kuingiza kichwa ndani ya tangi na tochi, upande wa ndani ulikuwa laini na wenye rangi ya majani makavu.

Alilijaza maji, akalipangusa kwa nje kwa kitambaa kikavu, akaweka karatasi nyeupe chini ya mshono. Aliitazama karatasi ile kila baada ya dakika chache hadi jua lilipozama. Ilibaki kavu.

Gumato, aliyepigiwa simu, alikuja kabla ya saa moja ya usiku, akiwa na pikapu. Alilizunguka tangi, akapitisha kidole kwenye mshono. "Gesi mpya imesaidia," alisema.

Ubeid angeweza kuliacha hapo. Alivua miwani, akaishika mkononi.

"Gesi ya kwanza haikuwa na shida. Ni macho yangu. Sikuwa naona karibu, nikaona aibu, nikasema gesi. Ule mtungi nitaulipa mimi."

Gumato aliondoa kidole kwenye mshono. "Kwa nini hukusema Jumanne?"

"Niliogopa mngelipeleka tangi Malindi."

"Tungelipeleka," alisema Gumato. "Leo lingekuwa limerudi, na mimi ningekuwa nimelala usiku wa jana. Akina mama thelathini na wawili wananipigia simu, fundi. Kila mmoja anataka kujua maziwa yake yatamwagwa ama yatauzwa."

Ubeid aliwasaidia wanaume wa pikapu kulipakia tangi, akalifunga kamba mwenyewe.

Usingizi wa usiku huo ulikuwa wa kukatikakatika. Ijumaa saa mbili alikuwa bandani hafanyi chochote, simu ikiwa mezani mbele yake. Saa tatu haikulia. Saa nne haikulia. Saa tano Gumato alituma ujumbe, na Ubeid alivaa miwani akausoma mwenyewe: gari limekuja, limechukua lita mia mbili na themanini, tangi halijatoa hata tone.

Gumato hakuja tena bandani kwa miezi mitatu, na Ubeid alidhani wamemwacha. Mwezi wa Agosti alileta mitungi minne ya alumini iliyopasuka mikono, akaiweka chini na kusema, "Kama hii huwezi, sema leo." Ubeid aliikagua mmoja mmoja akiwa amevaa miwani, akamwambia mitatu anaiweza na mmoja umechoka, usirudishwe kazini. Gumato aliitikia kwa kichwa, akauchukua ule mmoja akaenda nao.

Ilipofika Novemba alirudi kwa daktari. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akifumba jicho la kulia na kutazama vitu kwa la kushoto: jina la duka la mbele, jani la mwarobaini, uso wa Arafa. Mara aliona ukungu, mara hakuuona, na hakujua lipi ni kweli na lipi ni woga.

Hamisi alimmulika kama mara ya kwanza, akaandika kwenye faili, akamulika tena.

"Umekua kidogo," alisema. "Kidogo sana. Unavaa kofia kila mara?"

"Kila mara."

"Endelea. Rudi Mei."

Ubeid alitoka, akakaa kwenye benchi la nje, akampigia mkewe. Alimweleza maneno ya daktari kama yalivyokuwa, bila kupunguza.

"Kidogo ni kiasi gani?" aliuliza Arafa.

"Sikuuliza."

"Mei nitakuja nawe," alisema. "Nitauliza mimi."

Ubeid alitia simu mfukoni, kisha akasimamisha bodaboda imrudishe mjini. Kulikuwa na sinki la hoteli moja lililomngoja tangu juzi, na mwenye hoteli alitaka lirudi kabla ya saa kumi.